Mzee kasamehewa, mpangaji bado anakatwa

Toleo lililopita nilimjibu msomaji mmoja kuhusu kodi ya majengo, mistari sita tu. Barua na ujumbe zilizofuata ni nyingi kuliko nilivyozoea, na karibu zote zinazunguka jambo moja: nyumba imepangishwa, nani anadaiwa kodi, na msamaha ukitoka unamfikia nani? Ukurasa wote wa mwezi huu nimeutoa kwa jambo hilo. Nilikuwa mtendaji wa mtaa kwa miaka 19 kabla ya kustaafu, na miaka ya mwisho hakuna barua niliyoiandika mara nyingi kama ile ya kumtambulisha mzee anayekwenda kuomba asamehewe kodi ya nyumba yake.

Tuelewane maneno kwanza, maana Kiswahili chetu kina neno moja kwa mambo mawili. Unachompa mwenye nyumba kila miezi mitatu au sita unakiita kodi, na serikali inachodai nacho ni kodi. Kisha kuna kodi ya pango la ardhi, ambayo wengi huidhania ndiyo pango la chumba, kumbe ni malipo ya kila mwaka ya mwenye hati ya kiwanja. Hapa nitasema "pango" kwa fedha ya mpangaji kwenda kwa mwenye nyumba, na "kodi ya majengo" kwa ile inayokatwa kwenye LUKU, yaani umeme unaoununua kabla ya kuutumia. Ninayoyaandika ni ya Tanzania Bara. Zanzibar wana sheria zao.

Kodi hii ina sheria yake ya mwaka 1983, Sura ya 289. Kwa miaka mingi ilikusanywa na halmashauri, mwaka 2016 jukumu likahamia TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, na tangu Agosti 2021 inakatwa mtu anaponunua umeme. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya jengo la ghorofa mjini. Julai 2023 ikapanda kuwa 1,500 na 7,500. Siku ilipoingia kwenye umeme ndipo ilipoanza kumgusa mpangaji, kwa sababu anayenunua umeme ni yeye.

Shikamoo Bi Mtendaji. Nimepanga chumba na sebule Mabibo tangu Januari 2022, mita ni yangu peke yangu. Mwenye nyumba ni mzee wa miaka 73, anakaa nyumba ya mbele, sisi wapangaji watatu tuko banda la uani. Kila mwezi nakatwa. Nikimuuliza, anasema yeye ni mzee, serikali imemsamehe, hadaiwi. Kama yeye hadaiwi, mimi nadaiwa nini? – Mpangaji, Mabibo

Marahaba mwanangu. Wewe hudaiwi kitu. Kodi ya majengo ni deni la mwenye jengo, na wewe unalipa kwa niaba yake kwa kuwa mkono wako ndio ulio karibu na mita. Utaratibu huu ulipoanza, serikali yenyewe ilieleza kwamba mpangaji na mwenye nyumba waelewane, kilichokatwa kwenye umeme kirudishwe au kipunguzwe kwenye pango. Hakuna mahali sheria ilipohamisha deni hilo kwako.

Mzee naye hasemi uongo, ila anachanganya nyumba mbili. Anayesamehewa ni mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, kwa nyumba moja ya makazi anayoimiliki na kuishi humo mwenyewe. Wamo pia wenye ulemavu wasio na kipato. Kwa hiyo msamaha wake umekaa kwenye nyumba ya mbele, na katika utaratibu wa sasa maana yake ni kwamba umekaa kwenye mita ya nyumba ya mbele. Banda la uani hakulijenga ili alale humo. Amelijenga apangishe, na lina mita zake. Msamaha wa mbele hauruki ukuta ukaja uani.

Hesabu yako ni hii. Januari 2022 hadi Juni 2023 ni miezi 18 ya shilingi 1,000: 18,000. Julai 2023 hadi Desemba 2024 ni miezi 18 ya shilingi 1,500: 27,000. Jumla 45,000, bila kugusa ya baada ya hapo. Si fedha ya kugombana na mzee, lakini si ya kuacha pia, maana kwa mpangaji wa uani hiyo inakaribia pango la mwezi mzima.

Usimwendee na simu mkononi mbele ya wajukuu zake. Mwendee jioni, msalimie, kaa chini, mwambie umekuja na jambo la mita. Mwonyeshe ujumbe wa tokeni mmoja mmoja, kwa sababu kwenye ujumbe ule kila kilichokatwa kimeandikwa kivyake. Hakikisha wewe mwenyewe umeshausoma. Nimeona wapangaji wanajumlisha VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 3 ya REA (wakala wa umeme vijijini) na asilimia 1 ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji), wakaiita yote kodi ya majengo ya mwenye nyumba. Hizo ni zako, wewe ndiye mtumiaji wa umeme. Ukimdai mzee zile, atakuona mjanja, na ile haki yako ndogo itapotea ndani ya ugomvi mkubwa.

Jambo moja zaidi, wapangaji wenzio watashukuru. Kama banda lenu ni jengo moja lenye mita tatu, kodi ilitakiwa ikatwe kwenye mita moja, si zote. Lakini mfumo haujui kwamba mita tatu zina paa moja mpaka mwenye nyumba aende ofisi inayoshughulikia kodi ya majengo na namba zote tatu aseme hivyo. Mwombeni mzee. Mmoja wenu amsindikize.

Bi Mtendaji, mimi ni mstaafu, nina miaka 66, niko Kihonda, Morogoro. Nyumba ninayokaa ni yangu, vyumba viwili nimepangisha wanachuo ili nipate ya kula. Nimeambiwa nina haki ya msamaha, nimeambiwa pia kwamba nikiomba nitaulizwa habari za wapangaji na nitaharibikiwa. Nianzie wapi? – Mstaafu, Kihonda

Kaka yangu, anza kwa kuondoa hofu. Unaishi humo, unamiliki, umevuka miaka 60. Hiyo ndiyo nguzo ya ombi lako. Vyumba viwili vya wanachuo viandike mwenyewe kwenye maombi yako, kwa maneno yako: ninaishi katika nyumba hii, vyumba viwili kati ya vitano nimepangisha. Ofisa akisoma kwako ataamua akiwa na habari kamili. Akija kusikia kwa jirani baada ya miezi sita, atakuwa na haki ya kukuona umeficha, na hapo hata kile kilicho chako kitatiliwa shaka.

Sasa safari yenyewe. Nitaieleza polepole kwa sababu hapa ndipo wazee wengi wanapochoka na kurudi nyumbani.

Unaanzia serikali ya mtaa. Unaomba barua ya utambulisho yenye mhuri, na usikubali barua ya mistari miwili inayosema tu kwamba "mtajwa ni mkazi wetu". Iseme jina lako lote kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa, umri wako, mahali nyumba ilipo, kwamba nyumba ni yako, kwamba unaishi humo wewe mwenyewe, na namba ya mita. Namba ya mita ina tarakimu 11. Usiitaje kwa kichwa. Ipige picha kwenye mita yenyewe au inakili kutoka kwenye ujumbe wa tokeni, kisha mtu mwingine airudie kuisoma.

Kuhusu hiyo namba nina jambo ambalo bado linaniuma. Mwaka 2022 mzee mmoja wa mtaani kwetu, fundi cherehani wa siku nyingi, alikuja kuomba barua. Nilimwandikia mimi mwenyewe, nikampigia mhuri, na kwa kuwa macho yake yalikuwa yameingia ukungu nikaamua kumsindikiza. Tulipanda daladala mbili, tukafika saa mbili na nusu asubuhi, tukakaa kwenye foleni mpaka saa tano. Binti aliyetupokea alikuwa na adabu. Aliisoma barua, akatuuliza namba ya mita, haikuwepo. Akatazama kitambulisho, jina la kati halikuwa lile nililoandika. Mimi nilikuwa nimeandika jina tulilozoea kumwita mtaani. Tukarudi. Njiani mzee hakuninung'unikia hata neno moja, na hilo lilinikaa zaidi kuliko angenisema. Wiki iliyofuata tulikwenda tena na barua mpya, likakamilika. Lakini nauli ya safari mbili kwa watu wawili ilikuwa sawa na kodi ya miezi kadhaa aliyokwenda kusamehewa. Tangu siku hiyo sikuandika tena barua bila kuona kitambulisho na ujumbe wa tokeni mezani.

Pamoja na barua beba nakala ya kitambulisho cha taifa, na kitu chochote kinachoonyesha nyumba ni yako: hati, leseni ya makazi, au mkataba wa mauziano uliopita serikali ya mtaa. Kama umri kwenye kitambulisho na umri kwenye karatasi nyingine haulingani, shughulikia hilo kwanza, usilipeleke dirishani ukitegemea huruma. Kisha unakwenda ofisi inayoshughulikia kodi ya majengo wilayani kwako, unajaza fomu ya maombi, unaacha nakala, na unaondoka na nakala yako iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Hiyo nakala ndiyo ulinzi wako. Ikipita miezi miwili unaona mita bado inakata, unarudi nayo, na ujumbe wa tokeni wa karibuni, wala huanzi upya.

Utaniuliza kama inafaa kuhangaika kwa shilingi 18,000 kwa mwaka. Mimi nasema inafaa. Mstaafu anayenunua umeme wa 5,000 akakatwa 1,500 hapo hapo anaona giza lake likisogea karibu. Nimewaona wazee waliokuwa wakizima taa ya uani saa mbili usiku. Haki hii imewekwa kwa ajili yao, na haiji mlangoni. Lazima iombwe kwa maandishi, na anayeweza kumsaidia mzee wake kuomba, afanye hivyo wiki hii.

Mama yangu alipata msamaha mwaka 2022 kwa nyumba yake ya Tanga. Mwaka jana alipata kiharusi, nimemleta Dar ninaishi naye. Nyumba tumeipangisha ili ipatikane fedha ya dawa na ya binti anayemhudumia. Je, msamaha unaendelea? Bado ni mzee na bado nyumba ni yake. – Mtoto wa Tanga, Kimara

Pole mwanangu, na mpe mama pole yangu. Natamani ningekujibu vingine. Msamaha ule ulisimama juu ya miguu miwili: ni yake, na anaishi humo. Mguu wa pili umeondoka. Kwa sheria ilivyo, nyumba yote iliyopangishwa inadaiwa kodi ya majengo kama nyumba nyingine, hata kama pango lake lote linaishia kwenye duka la dawa. Mimi binafsi naona hapa sheria ingeweza kuwa na jicho la huruma. Mzee aliyeondoka nyumbani kwake kwa sababu mwili umemshinda si mwekezaji. Lakini nakujibu kwa sheria iliyopo.

Kinachokuhusu sasa ni wapangaji wako. Mita ya mama yako ilisamehewa, kwa hiyo huenda leo hawakatwi kitu. Usisubiri igunduliwe. Peleka taarifa kwamba matumizi ya nyumba yamebadilika, na kwenye mkataba wa pango andika wazi kwamba kodi ya majengo itakayokatwa kwenye LUKU itapunguzwa kwenye pango. Deni likija kuwekwa kwa mkupuo kwenye mita, atakayeliona kwanza ni mpangaji wako siku anayonunua umeme wa elfu kumi akapata uniti chache, na hatajua kwa nini.

Mama akipata nafuu akarudi kwake, ombeni upya. Na kama yatatokea yale ambayo sisi sote yatatufika, mjue kwamba msamaha ulikuwa wa mama, haurithiwi pamoja na nyumba.

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi ni usharika mdogo hapa Nyakato, Mwanza. Tumepanga jengo lililokuwa ghala, tunasali humo Jumapili na katikati ya wiki. Nyuma kuna vyumba viwili, anakaa mchungaji na familia yake. Mita ni moja na tunalipa sisi. Tumesikia nyumba za ibada hazitozwi kodi ya majengo. Mwenye jengo anasema msamaha ni kwa makanisa yanayomiliki majengo yake. Nani mkweli? – Mhazini, Nyakato

Milele amina, mhazini. Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sababu inagusa sehemu ya sheria ambayo watu wengi, hata maofisa, wanaisoma kwa haraka.

Sheria inapotaja nyumba za ibada inatazama matumizi. Inazungumzia jengo linalotumika hasa kwa ibada ya watu wote. Haikusema lazima hati iwe na jina la kanisa au la msikiti. Kwa hiyo mwenye jengo wenu amefunga mlango ambao sheria haikuufunga. Lakini ndani ya kifungu hicho hicho kuna maneno yanayowagusa ninyi moja kwa moja: sehemu zinazotumika kwa makazi au shughuli za kijamii zinazoambatana na nyumba ya ibada zimeachwa nje ya msamaha. Vyumba viwili vya mchungaji ni makazi. Ukumbi wa harusi mngekuwa nao, nao ungekuwa nje. Na ninyi mna mita moja kwa ibada na kwa makazi, kwa hiyo mkiomba leo, ofisa atauliza amsamehe nani, madhabahu au jiko la mama mchungaji, na atakuwa amewauliza swali halali.

Ushauri wangu ni mtenganishe kwanza. Ombeni mita ya pili kwa vyumba vya nyuma. Ina gharama, najua, basi liwekeni kwenye kikao na mwenye jengo, kwa sababu mita itabaki kwake siku mtakayohama. Baada ya hapo jengo la mbele linasimama peke yake kama nyumba ya ibada, na la nyuma linalipa kodi yake kama nyumba yoyote.

Pili, ombi haliwezi kuwa lenu peke yenu. Mdaiwa wa kodi ni mwenye jengo, basi lazima yeye aombe au aandike kwamba amekubali ombi lipelekwe. Mfungashieni kila kitu asipate kazi: mkataba wa pango, cheti cha usajili wa kanisa, barua ya serikali ya mtaa inayosema jengo linatumika kwa ibada na tangu lini, ratiba ya ibada, picha za ndani na za nje, na namba zote mbili za mita na ipi ni ya wapi. Huyu mtu anafanya biashara, hana sababu ya kukesha kwenye foleni kwa ajili ya shilingi 1,500 ambazo halipi yeye. Mnapompa bahasha iliyokamilika mnampa sababu ya kusaini.

Tatu, na hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, andikeni kwenye mkataba nafuu itakwenda wapi. Nimeona msikiti mmoja uliopanga jengo ukahangaika mpaka msamaha ukatoka, kisha mwaka uliofuata mwenye jengo akapandisha pango kwa kiasi kilekile. Wazee wa msikiti walikuwa wamepanda mti, kivuli akakikalia mwingine. Maneno haya yanatosha, mnaweza kuyanakili yalivyo: "Iwapo jengo hili litasamehewa kodi ya majengo kwa sababu ya kutumika kwa ibada, kiasi kilichosamehewa kitabaki kuwa nafuu ya mpangaji, na pango halitaongezwa kwa sababu ya msamaha huo. Iwapo kodi ya majengo itakatwa kwenye mita inayolipiwa na mpangaji, kiasi hicho kitapunguzwa kwenye pango linalofuata." Mashahidi wawili, mmoja kila upande.

Kwa jengo lenu lisilo la ghorofa tunazungumzia 18,000 kwa mwaka. Lakini nimeandika kwa kirefu kwa sababu najua wapo wanaosali kwenye ghorofa za katikati ya mji, na huko ni 90,000 kwa mwaka kwa kila sakafu. Na siku mtakapohama, msamaha unabaki hauna mwenyewe. Mjulisheni mwenye jengo, naye ajulishe, asije mpangaji mpya akafungua baa chini ya msamaha wa kanisa.

Nimehamia chumba Tandika mwezi uliopita. Kilikuwa kimefungwa karibu mwaka mzima. Umeme wa kwanza nilionunua, wa 20,000, nimekatwa deni ambalo silijui. Dalali hapokei simu. – Mgeni, Tandika

Deni linafuata mita, mwanangu, halifuati mtu. Chumba kilipofungwa hakuna aliyenunua umeme, na kodi ya kila mwezi ikawa inajipanga mmoja nyuma ya mwingine ikikusubiri. Miezi 11 ya 1,500 ni 16,500. Tazama ujumbe wako, nadhani utakuta kiasi kinachokaribia hapo.

Hilo si la dalali, ni la mwenye nyumba. Mpelekee ujumbe wa tokeni pamoja na tarehe ya mkataba wako. Miezi ya kabla ya tarehe hiyo hana hata neno la kujitetea. Na wengine mnaotafuta vyumba: kabla ya kupokea ufunguo, nunueni umeme wa elfu mbili au tatu kwa namba ya mita ile mkiwa na mwenye nyumba hapo hapo. Deni likiwepo litajionyesha, na mtalimaliza mkiwa bado mnacheka.

Mimi ni Mtanzania, nina miaka 62, nafanya kazi Muscat. Nyumba yangu Ilala nimepangisha yote. Nimepita umri wa miaka 60, nawezaje kuomba msamaha nikiwa huku? – Msomaji, Oman

Ndugu yangu, umri unao, makazi huna. Nyumba huishi humo, basi kodi ya majengo ni yako na wanaokulipia ni wapangaji wako, kila mwezi, tangu 2021. Waulize kwa simu wamekatwa kiasi gani na uwapunguzie pango lijalo. Ukirudi kuishi Ilala, chukua barua ya mtaa wiki hiyo hiyo.

Nina fremu tatu Sinza. Mpangaji mmoja ni kampuni, anakata asilimia 10 ya pango langu akisema ni kodi ya serikali. Mbona kodi ya majengo nishalipa kwenye LUKU? – Mama Fremu

Dada, hiyo ni nyingine kabisa. Ni kodi ya zuio, inatokana na mapato yako ya pango. Mpangaji mwenye biashara anatakiwa aikate na aipeleke TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Wajibu wake kwako ni kukupa hati ya zuio inayoonyesha kiasi alichokata, nawe utaihesabu unapofanya makadirio yako. Idai kila mara anapokata. Akishindwa kukuonyesha hati, usiendelee kukubali kukatwa kwa mdomo.

Bi Mtendaji, baba yangu ana miaka 81, nyumba yetu haina umeme. Je, naye anadaiwa, na kama ndiyo, namba ya mita nitaandika nini? – Kijana, Kilosa

Nyumba isiyo na umeme haikuachwa. Hulipiwa kwa kumbukumbu namba ya malipo. Lakini nieleze nyumba yenyewe ikoje. Nyumba ya tembe, ya udongo au ya nyasi haitozwi kabisa, mzee asiende popote. Kama ni ya matofali na bati, baba ana haki ya msamaha kwa umri wake na kwa kuishi humo. Mahali pa namba ya mita, barua ya kijiji iandike "nyumba haijaunganishwa umeme", na siku mtakapovuta umeme mrudi na namba, kwa sababu mita mpya itaanza kukata bila kujua kwamba ndani analala mzee wa miaka 81.